Waya Ulifika Mapema, Mapatano Yakachelewa

Mwaka 1879 kebo ya telegrafu iliyolazwa chini ya bahari kutoka Aden ilifika Unguja, kisha ikaendelea Msumbiji hadi Durban. Ilipita miaka 130 kabla ya pwani hiyo kuunganishwa na SEACOM, mkongo wa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, ulioanza kazi Julai 2009. TEAMS ukaja Mombasa mwaka huohuo, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Simulizi ya intaneti Afrika Mashariki husimuliwa hivyo mara nyingi: hatukuwa na waya, kisha tukapata waya. Ndiyo maana mtandao unaposumbua lawama huangukia mkongo, na mkongo mpya unapozinduliwa watu hudhani kazi imekwisha. Lakini ukifuatilia jinsi mitandao ya kompyuta ilivyozaliwa, utaona kwamba waya haukuwa sehemu ngumu. Kilichokuwa kigumu ni mapatano: kuzifanya mashine zisizofanana, mali ya watu wasioamriana, zikubali kupokeana ujumbe kwa kanuni moja. Palipokosekana mapatano, waya mzuri haukusaidia. Yalipopatikana, hata waya duni ulibeba mengi.

Ushahidi wa kwanza uko katika chumba kimoja cha Pentagon, mwaka 1966. Robert Taylor alikuwa akiongoza ofisi ya utafiti wa kompyuta ndani ya ARPA, wakala wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Kando ya ofisi yake palikuwa na mashine tatu za kuchapia: moja ilifika kwenye kompyuta ya Santa Monica, ya pili Berkeley, ya tatu chuo cha MIT. Laini za simu zilikuwepo na zilifanya kazi bila tatizo. Hata hivyo kila kompyuta ilikuwa na amri zake, na kila mashine ilimjua bwana mmoja tu. Taylor akitaka kumpelekea mtafiti wa MIT jambo alilolisoma kutoka Berkeley, ilimbidi anyanyuke kiti kimoja akakae kingine na kuanza upya. Mtu aliyekuwa na waya tatu ofisini hakuwa na mtandao hata mmoja. Kutokana na adha hiyo aliomba fedha za kujenga ARPANET, mtandao uliokuja kuwa mzazi wa intaneti.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupatana juu ya namna ya kusafirisha ujumbe. Simu za zamani zilimtengea kila mzungumzaji njia nzima, kuanzia kwake hadi kwa mwenzake, hata wanapokuwa kimya. Paul Baran, aliyekuwa katika shirika la RAND nchini Marekani, na Donald Davies wa Maabara ya Taifa ya Fizikia nchini Uingereza, walifikia wazo jingine katika miaka ya 1960, kila mmoja peke yake. Ujumbe ukatwe vipande vidogo, na kila kipande kipewe anwani na kiachwe kijitafutie njia. Davies ndiye aliyeviita pakiti. Mfano wake ni kitabu kinachotumwa Arusha kutoka Dar es Salaam kikiwa kimechambuliwa, kila ukurasa ndani ya bahasha yake. Juu ya bahasha pana namba ya ukurasa, sanduku la posta la mpokeaji na la mtumaji. Bahasha moja ikipitia Korogwe na nyingine Dodoma, hakuna ubaya. Karani wa Dodoma hahitaji kujua kitabu kinahusu nini. Anasoma anwani na kuisogeza bahasha mbele. Mpokeaji anazipanga kurasa kwa namba, na ukurasa wa 47 usipofika anaomba utumwe tena. Katika mtandao, karani huyo ndiye ruta. Mpangilio mzima unasimama juu ya jambo moja: kila posta iandike anwani kwa namna ambayo posta nyingine zote zinaisoma.

Usiku wa tarehe 29 Oktoba 1969 unaonyesha jambo hilo kwa ukaribu. Charley Kline, mwanafunzi wa chuo cha UCLA mjini Los Angeles, alikuwa akijaribu kuingia kwenye kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford, zaidi ya kilometa 500 kaskazini. Huko alikuwepo Bill Duvall, na wawili hao walizungumza kwa simu, mmoja akichapa na mwingine akitazama. Kline alichapa L, Duvall akathibitisha kuwa imefika. Akachapa O, nayo ikafika. Alipochapa G, kompyuta ya Stanford ikazimika. Waya haukukatika. Nafasi iliyotengwa ndani ya programu ya upande mmoja ilikuwa ndogo mno kwa herufi zilizokuja mfululizo, na Duvall alipoipanua, baada ya muda wa kama saa moja, Kline akaingia. Kati ya kila kompyuta na laini ya simu palikuwa pamewekwa kompyuta nyingine, yenye ukubwa wa friji, iliyotengenezwa na kampuni ya BBN kwa kazi ya kupokea na kusukuma pakiti. Hiyo ndiyo babu wa ruta za leo. Kwa kuwepo kwake, kompyuta kubwa haikulazimika kujifunza tabia za kila mwenzake. Ilitosha ielewane na jirani yake wa karibu.

ARPANET ulipokua, tatizo la Taylor lilirudi kwa sura kubwa zaidi. Sasa palikuwa na mitandao kadhaa, mingine ya waya, mingine ya redio, mingine ya setilaiti, na kila mmoja ulikuwa na kanuni zake. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walichapisha pendekezo ambalo halikudai mtandao wowote uvunjwe na kujengwa upya. Kila mtandao ubaki na desturi zake za ndani, walisema, ila kwenye mipaka wote wakubali bahasha ya aina moja. Tarehe 22 Novemba 1977 wazo hilo lilijaribiwa kwa vitendo: pakiti zilitoka katika gari lililokuwa likitembea karibu na San Francisco, zikapita mtandao wa redio, ARPANET na setilaiti kuvuka Atlantiki, kisha zikarudi Los Angeles. Mitandao mitatu isiyofanana ilifanya kazi kama mmoja. Itifaki hizo, zilizokuja kuitwa TCP/IP, zikawa sharti la ARPANET tarehe 1 Januari 1983. Kompyuta ambayo haikuwa imebadilisha kanuni siku hiyo ilijikuta nje, ingawa waya wake ulikuwa palepale.

Mtu anaweza kupinga kwamba hayo hayakuwa mapatano bali amri, kwa kuwa fedha zilitoka jeshini na tarehe ilipangwa na wakubwa. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Bila fedha za umma wa Marekani ARPANET usingejengwa, na Wizara ya Ulinzi ilikuwa na uwezo wa kuwashurutisha waliokula fedha zake. Lakini amri hiyo iliishia kwenye mipaka ya mtandao wake. Haikuweza kukilazimisha chuo cha Ulaya wala kampuni ya Asia. Katika miaka ya 1980 serikali nyingi ziliunga mkono kanuni nyingine, zilizoitwa OSI, zilizoandaliwa na vyombo rasmi vya viwango vya kimataifa. Kama mamlaka ndiyo yangeamua, OSI ingeshinda. TCP/IP ilienea kwa sababu ilikuwa tayari inafanya kazi, maelezo yake yalikuwa wazi kwa kila aliyetaka kuyasoma, na ilikuja ndani ya mfumo wa Unix wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uliotumiwa na vyuo vingi. Tangu mwaka 1969 nyaraka za kanuni za ARPANET zilipewa jina la kuomba maoni, na za kwanza ziliandikwa na wanafunzi akina Steve Crocker. Hati inayoomba maoni huwaalika watu kuirekebisha, na waliorekebisha waliiona kuwa yao.

Turudi kwetu, kwa kuwa hapa hoja hii ina ushahidi ulio wazi kuliko wote. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nairobi ilikuwa na kampuni kadhaa za kutoa huduma ya intaneti, lakini hazikuwa zimeungana zenyewe kwa zenyewe. Barua pepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja kwenda kwa mteja wa nyingine, pengine mtaa wa pili, ilipanda kwenye setilaiti iliyo karibu kilometa 36,000 juu ya ikweta, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena na kurudi. Ni safari ya takriban kilometa 144,000, zaidi ya mara tatu na nusu ya mzingo wa dunia, na kila hatua yake ililipiwa kwa fedha za kigeni. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Novemba 2000 kampuni hizo zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana pakiti humohumo Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee kisheria, ililalamika kuwa kituo kilikiuka haki hiyo, na Tume ya Mawasiliano ya Kenya ikaamuru kifungwe baada ya wiki chache tu. Watoa huduma walijitetea kwamba walikuwa wakibadilishana mali yao wenyewe. Baada ya mabishano marefu kituo kilifunguliwa tena Februari 2002. Katika miezi hiyo yote hakuna mkongo mpya wa bahari uliofika Mombasa. Kilichobadilika ni ruhusa ya majirani kupeana pakiti, na pakiti ya Nairobi ikaacha kusafiri angani ili ifike Nairobi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma zikadorora katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania ikiwemo. Siku kama hiyo, nani atakubali kwamba waya ni jambo dogo? Sisemi ni dogo. Pakiti hutafuta njia nyingine pale tu njia nyingine ipo, na kuzidisha mikongo ni kazi ambayo haina mbadala. Lakini ajali hiyo inathibitisha hoja badala ya kuipinga. Ujumbe ambao chanzo na mwisho wake ni nchi moja hauna sababu ya kuguswa na mkongo uliokatika baharini, iwapo kampuni za ndani zimeungana na iwapo seva inayohifadhi huduma hiyo iko ndani. Mkongo wenyewe ukikatika, pakiti huhamia kwenye mkongo wa mwingine kwa makubaliano yaliyofungwa kabla ya ajali.

Telegrafu ya mwaka 1879 ilifika Unguja ikiwa mali ya kampuni moja ya Kiingereza, yenye kanuni zake na bei zake, na mtu wa Unguja hakuwa na njia ya kuunganisha chake juu yake. Ilikuwa waya bora kwa wakati wake, na haikuzaa mtandao. Kwa hiyo mkongo mpya unapotangazwa, kilometa zake zihesabiwe, na pamoja nazo yaulizwe maswali mengine: nani ameruhusiwa kuunganisha chake, kampuni zetu zinakutana wapi, na kwa masharti ya nani. Kenya ilipojibu maswali hayo vizuri mwaka 2002, ilipata mtandao wa kasi zaidi nyumbani miaka 7 kabla ya mkongo wa kwanza wa nyuzi za kioo kugusa ufuko wake.