Gunia la Makala

Ukimwambia mama muuza samaki wa Salamabila kwamba unaishi kwa kuuza makala, atakuuliza gunia ni bei gani. Hajakosea hata kidogo. Katika Kiswahili cha Kongo, kuanzia Lubumbashi hadi Goma, makala ni yale ambayo mtu wa Dar es Salaam anayaita makaa: meusi, ya kupikia, ya kujaza gunia. Makala ya kusomwa ni ya ukoo mwingine. Ilitoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa kusema, ikazoeleka pwani na magazetini, ila ngeli yake haijatulia hadi leo: wapo wanaoandika makala hii, wapo wanaoandika makala haya, na kila upande unaona wenzao ndio walioharibu lugha. Huku Maniema, mashariki mwa Kongo, tumeukwepa ugomvi huo kwa kusema artikle.

Salamabila ni mji wa dhahabu katika wilaya ya Kabambare, humuhumu Maniema, jirani na mgodi wa Namoya, ambao kampuni ya Kanada iitwayo Banro ilianza kuuendesha kibiashara mwaka 2016 na kusimamisha kazi mwaka 2019. Mpenda maneno akilisikia jina la mji kwa mara ya kwanza hubaki akingoja nomino: salama, bila nini? Wenyeji hawangoji, wana kazi. Wachimbaji wadogo hawabishani kuhusu kinachohesabiwa. Dhahabu inawekwa kwenye mizani, inatajwa kwa tola, kipimo kilichozaliwa India kikasafiri na wafanyabiashara hadi huku, na kinachobaki ni kuvutana bei. Hata kazi zenyewe zilipata majina bila kuuliza baraza lolote. Katika machimbo ya Kivu ya Kusini, wanawake wanaoponda mawe yenye dhahabu wanaitwa mama twangaise: kitenzi chetu cha kutwanga kimepachikwa mkia wa Kifaransa, na ukilisikia jina mara moja unajua nani anafanya nini. Sijaona istilahi safi kuliko hiyo.

Anayeandika makala za teknolojia kwa malipo hajapata bahati ya mama twangaise. Kijana mmoja wa Salamabila, anayeandikia tovuti ya nje ya nchi, alinitumia ankara yake nimsahihishie Kiswahili kabla hajaipeleka. Pamoja nayo kulikuwa na makala yenyewe, kuhusu betri za simu: kwa nini zinavimba, kwa nini kuwasha data siku nzima kunazimaliza, kwa nini si vizuri kuchaji moja kwa moja kutoka kwenye paneli ya jua bila kidhibiti chaji katikati. Ilikuwa kazi nzuri, ya mtu aliyewahi kuifungua simu akaona. Mhariri alikuwa ameshaondoa mamega, neno tunalolitumia Kongo kwa data ya simu, akaweka bando katika aya ya pili na vifurushi katika aya ya tisa.

Kwenye ankara, mahali pa kutaja kazi ya mwandishi, tovuti iliandika kwa Kifaransa neno lenye maana ya anayetoa mchango. Akaniuliza, “Mwalimu, hapa tuandike mchangiaji?”

“Mdogo wangu,” nikamjibu, “ukiandika hivyo hawatakulipa.”

Nilitania, ila nusu tu. Kuchanga, kuchangia, mchango: ukoo huu wote ni wa kutoa. Mtu anachangia harusi, anachangia msiba, anachangia paa la darasa. Jina lake linaingizwa kwenye daftari na hakuna anayetarajia arudishiwe chochote. Tovuti za teknolojia zinalipenda neno hilo katika lugha zao kwa sababu linamfanya mwandishi aonekane mwanachama, wakati yeye ni mdai. Kwa Kiswahili ujanja huo unagoma. Ukijiita mchangiaji umeshasamehe deni. Kuna mahali linaposema kweli: kati ya mwaka 2009 na 2010 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania. Washindi walipewa zawadi. Wengine wote walichangia, kwa maana kamili ya neno.

Tanzania wangemwambia aandike mwandishi wa kujitegemea. Hilo lina uzito wake. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilitangaza ujamaa na kujitegemea, na mwaka huohuo Nyerere akatoa waraka wake wa Elimu kwa Kujitegemea. Neno lililobebeshwa shamba, shule na taifa zima leo limebaki kumbeba mtu mmoja anayesubiri dola 30. Tena halisemi kweli. Hakuna mwandishi anayetegemea wengine kama huyu: anategemea umeme usikatike, mnara wa simu usizimike, mhariri asiugue, na wakala wa kutuma fedha awe na salio. Mwalimu wa shule ya msingi anajitegemea kumzidi.

Wakongo waliosoma watasema “pigiste”, na hapo Kifaransa kimekuwa mkweli kuliko sisi. “Pige” lilikuwa neno la matbaa: kiasi cha kazi ambacho mpanga herufi alipaswa kumaliza kwa muda fulani, na ambacho ndicho kilichokuwa kipimo cha malipo yake. Limeficha nini? Hakuna. Kazi kiasi hiki, fedha kiasi hiki.

Mimi ningelirudisha neno kibarua. Waliozoea kulisikia kama kitisho cha wazazi, kwamba usiposoma utaishia kibarua, wanasahau kwamba ndani yake mna barua. Kibarua kwanza kilikuwa kikaratasi chenyewe: mtu wa kazi ya kutwa alipewa cheti, akakirudisha wakati wa kulipwa, na baada ya muda jina likahama kutoka kwenye karatasi likamkalia mtu. Maandishi na ujira vimo katika neno moja, na anayeandika ili alipwe ndiye mwenye haki nalo kuliko mbeba zege.

Lina doa, na si vyema kulificha. Zanzibar ya karne ya 19 vibarua wengi walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Ujira ukiingia, bwana alichukua fungu lake. Mwandishi wa leo si mtumwa, na anayemwita hivyo anawadharau waliouzwa. Lakini fungu la bwana analijua kila aliyewahi kuandika kwa akaunti ya kukodi, biashara iliyoshamiri Kenya. Mwenye akaunti ana sifa na nyota zake kwenye tovuti. Asiye na akaunti anaandika usiku. Malipo yakifika, mwenye akaunti anakata chake kwanza. Jina la aliyeandika halionekani popote. Mwandishi kivuli, wanasema, na mara hii wanasema vizuri.

Maneno yetu ya ujira, ukiyafuata nyuma, mengine yanakupeleka kwenye msafara, na msafara unakupeleka Kasongo, mji wa huku Maniema. Pale palikuwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, na baada yake mwanawe Sefu, hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji mwaka 1893. Mahame yake ndiyo Kasongo-Tongoni. Tippu Tip huyohuyo aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903. Kwa hiyo mtu wa Kasongo anayetaka kujua kama sehemu hizi zimewahi kuingia kwenye maandishi marefu ya Kiswahili asiende mbali. Wapagazi waliobeba pembe za ndovu walipewa posho njiani: chakula, au kitambaa cha kununulia chakula. Tazama lilivyotawanyika neno hilo. Uganda posho ni ugali. Tanzania ni bahasha ya semina. Kwa Kilingala “mposo” ni wiki, na wataalamu wanalihusisha na mgao uliotolewa kila wiki kwa wafanyakazi, kana kwamba siku saba hazikuwa na kazi nyingine ila kuleta chakula. Mshahara nao ulitokana na neno la Kiarabu la mwezi, maana mwezi ndio ulioleta fedha.

Siku ina kibarua chake, wiki ina mposo, mwezi una mshahara. Mwandishi wa tovuti hana siku, hana wiki, hana mwezi. Analipwa kwa neno, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Neno ni nini? Chukua “sitakulipa”. Kwa Kiswahili ni neno 1. Mfaransa akitaka kusema hilohilo anahitaji maneno 5, na Mwingereza 5 vilevile. Kijana wetu akiandika makala mbili zenye habari ileile, moja Kifaransa na nyingine Kiswahili, ya Kiswahili itatoka fupi kwa hesabu ya kompyuta, kwa hiyo rahisi kwa hesabu ya mlipaji. Wala si kwamba Kiswahili kinasema machache. Kinayabana tu: mtenda, wakati, mtendwa na ukanushi vyote vimepanda mtumbwi mmoja, na anayekusanya nauli anahesabu mitumbwi.

Mahali pa kukata neno ni uamuzi wa waandishi wa sarufi. Kusini mwa Afrika Mzulu anaandika “ngiyakuthanda”, nakupenda, kwa neno 1. Jirani yake Mtswana anaandika “ke a go rata”, maneno 4, ingawa sarufi zao ni ndugu. Walioanza kuiandika lugha ya Kitswana waliacha nafasi kati ya viambishi. Walioandika Kizulu waliviunganisha. Sisi pia tungeweza kwenda upande wa pili. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa niaba ya watumishi wa zamani wa nyumba za Wazungu. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian akaichapisha mwaka 1990. Mipaka ya maneno humo haifuati kanuni za vitabu vya shule. Yav alikata alivyosikia. Angelipwa kwa neno, huenda angempita mhitimu wa chuo kikuu.

Zamani ubanaji huo ulikuwa faida. Enzi za telegramu aliyelipa ni mtuma habari, naye alitozwa kwa neno. Kwa bei ya neno 1 la Mwingereza, Mswahili alituma sentensi nzima. Leo tumegeuziwa meza mara mbili. Programu za akili bandia hazihesabu maneno. Hukata maandishi vipande na kutoza kwa kipande. Kwa kuwa zimelelewa zaidi kwa Kiingereza, neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi hubaki zima, na letu hukatwa viwili, vitatu au zaidi. “Sitakulipa” ni neno 1 siku ya kulipwa na ni vipande kadhaa siku ya kutozwa.

Wakenya wanakiita kitu hicho tokeni, kama ile ya umeme. Mimi nasema kipande, kwa kuwa neno lipo na lina kumbukumbu. Kwenye mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi: hadi zijae, hakuna malipo. Kenya kilikuwa kitambulisho ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukibeba, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati. Neno lenye historia hiyo halimruhusu mtu kudhani kwamba kuhesabu ni jambo lisilo na mwenyewe.

Basi tuhesabu nini? Magazeti ya Ufaransa yana kipimo chake kwa kina “pigiste”: karatasi ya herufi 1500, nafasi zikiwemo. Wajerumani wana mstari wa herufi 55 kwa watafsiri wa mahakama. Hakuna hata mmoja anayeuliza neno linaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa Kiswahili tunalo jina tayari: laha, lile lililomo ndani ya lahajedwali. Niliandika kwenye ankara ya kijana: kibarua cha uandishi, laha 4, herufi 6000. Akaikubali laha. Kibarua alikifuta, akarudisha “pigiste”, akisema baba yake angeiona ankara hiyo.

Nikaipima laha kwa mfano wetu. “Sitakulipa” ina herufi 10. Sentensi ya Kifaransa, pamoja na nafasi zake, ina 20. Kwa hesabu ya maneno mwandishi wa Kiswahili anapata sehemu 1 kati ya 5 za mwenzake. Kwa laha anapata nusu. Nusu inayobaki aivutanie bei, kama mwenye tola mkononi.