Nyama, Majani na Ardhi: Utafiti wa Orr na Gilks wa 1931 na Mjadala wa Mlo Bora Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna miili ya watu wa Afrika Mashariki ilivyotumiwa kama ushahidi katika mjadala wa kimataifa kuhusu ulaji wa nyama. Yanaanza na utafiti wa John Boyd Orr na John Langton Gilks kuhusu Wamaasai na Wakikuyu, uliochapishwa mwaka 1931, na kuendelea hadi tafiti za utapiamlo, moyo na makapimlo zilizofanywa Uganda na Tanzania. Inadaiwa kwamba swali la nani anamiliki malisho na shamba liligeuzwa kuwa swali la kilichomo chunguni, na kwamba mgeuko huo ungali unaongoza sera za lishe.

Utangulizi

Katika Kiswahili cha bara, anayeuliza "Leo mboga ni nini?" anaweza kujibiwa "Nyama" bila mtu kushangaa. Mboga ni chochote kinachoteremshia ugali, ndizi au wali: maharage, mchicha, dagaa, maziwa ya mgando au kipande cha mbuzi. Pwani, neno kitoweo huelekea zaidi samaki na nyama, lakini nalo linataja nafasi ya chakula kwenye sinia kabla ya kutaja asili yake. Mjadala wa leo unaowagawa watu kuwa wala nyama na wasiokula nyama umekuja na mpaka ambao lugha hii haikuona haja ya kuuchora.

Haina maana kwamba kutokula nyama ni jambo geni katika eneo hili. Wahindu na Wajaini wa Zanzibar, Mombasa na Nairobi wamekuwa na miiko hiyo kwa vizazi vingi, na Waadventista Wasabato wamefundisha kwa muda mrefu ubora wa mlo wa mimea. Historia hizo zinastahili makala yake. Hapa kinachofuatiliwa ni mkondo mwingine, ule wa kisayansi, kwa sababu ndio uliozaa sera.

Mizani ya 1931

Orr alikuwa mkuu wa Taasisi ya Rowett, Aberdeen, na shauku yake ya awali ilikuwa madini yaliyomo katika majani ya malisho. Gilks aliongoza idara ya tiba nchini Kenya. Ripoti yao, iliyotolewa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, iliwalinganisha majirani wawili: Wamaasai, walioelezwa kuwa wanaishi kwa maziwa, nyama na damu mbichi, na Wakikuyu, walioelezwa kuwa wanaishi kwa nafaka, viazi vitamu, ndizi na kunde. Matokeo yalikuwa ya kushtua. Mwanamume mzima wa Kimaasai alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa wastani wa inchi 5 za kimo na ratili 23 za uzito, yaani takriban sentimita 13 na kilo 10, na nguvu za misuli yake zilipimwa kuwa kubwa zaidi kwa asilimia 50. Kwa Wakikuyu yalionekana zaidi maradhi ya mapafu, vidonda vya miguu, upungufu wa damu na meno yaliyooza. Kwa Wamaasai, kufunga choo na baridi yabisi.

Takwimu hizo zilisafiri mbali kuliko ripoti yenyewe. Orr, ambaye mwaka 1945 alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na mwaka 1949 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani, hakuwa mhubiri wa nyama. Hoja yake ilielekea zaidi kwenye madini, hususan kalsiamu, na kwenye maziwa. Lakini wasomaji waliomfuata walibaki na picha moja: mla nyama mrefu na mla majani dhaifu. Picha hiyo ingali inatajwa na watetezi wa nyama hadi leo, mara nyingi bila mwaka na bila mahali.

Kilichokaa nje ya mizani

Kasoro ya kwanza ya picha hiyo iko ndani ya ripoti yenyewe. Nyama haikuwa chakula cha kila siku cha Wamaasai. Msingi wa mlo wao ulikuwa maziwa. Nyama ilichinjwa kwa sherehe, kwa wagonjwa, kwa wazazi, wakati wa ukame, na kwa morani waliokwenda porini kula nyama pamoja na supu ya magome na mizizi. Mlo wa maziwa, nyama na damu pekee ulikuwa kanuni ya heshima ya morani zaidi ya kuwa hesabu ya chakula cha boma zima. Wanawake na watoto walikula nafaka pia, na nafaka hiyo ilitoka kwa nani? Kwa sehemu kubwa ilitoka kwa wakulima jirani, Wakikuyu wakiwamo. Wanawake wa pande zote mbili waliendeleza biashara hiyo ya ngozi, maziwa na nafaka hata wanaume wao walipokuwa vitani. Upande wa Wakikuyu, ripoti ilionesha kuwa wanawake walikula majani ya kijani yenye kalsiamu nyingi ambayo wanaume waliyaacha. Cynthia Brantley, aliyeutazama upya utafiti huo mwaka 1997, alionesha jinsi tofauti za jinsia na umri ndani ya kila jamii zilivyofunikwa na ulinganishaji wa makabila mawili.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni ya kihistoria. Wakikuyu waliopimwa miaka ya 1920 hawakuwa watu wa mimea kwa hiari ya kale. Walifuga mbuzi, kondoo na ng'ombe. Mifugo ilikuwa mahari, sadaka, faini na akiba. Sehemu ya ardhi yao, hasa Kiambu, ilikuwa imetwaliwa na walowezi, na waliobaki walibanwa katika hifadhi. Maelfu walihamia mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa wakiwa vibarua wenye ruhusa ya kulima na kufuga, na huko makundi yao ya mifugo yalikua. Katika miaka hiyohiyo ya 1920 walowezi walianza kuwalazimisha kuiondoa au kuiuza mifugo hiyo. Waliofagiliwa walikipa kitendo hicho jina la Kiswahili: kifagio. Wakati huohuo mahindi yalikuwa yakichukua nafasi ya mawele na wimbi mashambani, yakisukumwa na soko na uhaba wa nguvukazi. Kwa hiyo mizani ya Orr na Gilks ilipima, pamoja na mengine, mwili wa mtu aliyepungukiwa mifugo na malisho.

Wamaasai nao hawakuwa picha ya asili isiyoguswa. Makubaliano ya 1904 yaliwaondoa katika malisho bora ya Bonde la Ufa. Yale ya 1911 yakawahamisha kutoka Laikipia kwenda hifadhi ya kusini, na kesi waliyoifungua kupinga uhamisho huo ilitupwa mwaka 1913. Karantini za mifugo ziliwazuia kwa vipindi virefu kuuza ng'ombe wao nje ya hifadhi. Ng'ombe wasiouzika huweza kunywewa maziwa. Haishangazi kwamba mlo ulioelezwa kuwa wa jadi ulikuwa kwa kiasi fulani mlo wa watu waliofungiwa soko.

Yote haya yalifahamika Nairobi na London. Hata hivyo, waraka wa Wizara ya Makoloni wa 1936 kuhusu lishe, na ripoti ya 1939 kuhusu lishe katika makoloni, vililifanya tatizo kuwa la kitaalamu. Ripoti ya 1939 iliutaja umaskini, lakini ujinga wa wenyeji kuhusu chakula ndio uliopata sauti kubwa katika mapendekezo. Kumfundisha mama kupika kulikuwa rahisi kuliko kumrudishia malisho.

Ndizi iliyolaumiwa na kusifiwa

Mfano wa Uganda unaonesha jinsi chakula kilekile kilivyoweza kubebeshwa hukumu mbili. Daktari Hugh Trowell, akifanya kazi Kampala, alikuwa miongoni mwa waliochunguza kwa kina ugonjwa wa watoto ambao Cicely Williams aliutambulisha kwa jina la Kiga kutoka Ghana, kwashiorkor, na ambao Waganda waliuita obwosi. Majina yote mawili yalimtaja mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mwingine amekuja. Kitabu alichokitoa Trowell na wenzake mwaka 1954 kilielekeza macho kwenye uhaba wa protini, na mlo wa matoke ukawa mshtakiwa. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitangaza pengo la protini duniani, na unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta ukasambazwa. Mwaka 1974 Donald McLaren, katika jarida la Lancet, aliliita jambo hilo janga la makosa: watoto wengi walikosa chakula cha kutosha kwa jumla, na protini ilikuwa sehemu tu ya njaa hiyo.

Kufikia hapo Trowell mwenyewe alikuwa upande mwingine. Yeye na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, walikuwa wakieleza kwamba mlo wa Waafrika wa vijijini, matoke yakiwamo, uliwakinga na maradhi ya utumbo yaliyowasumbua Wazungu, kwa sababu ya makapimlo. Kitabu walichohariri mwaka 1975 ni miongoni mwa nguzo za hoja ya mlo wa mimea duniani. Ndizi ile iliyosemwa kudhoofisha mtoto wa Kiganda sasa ilikuwa dawa kwa mzee wa Kiingereza.

Kwa upande wa nyama, George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwapima wanaume 400 wa Kimaasai nchini Tanganyika na kutoa matokeo mwaka 1964: mafuta ya wanyama yalikuwa mengi mlo mzima, lakini kolesteroli ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo chache. Mwaka 1972, baada ya kuchunguza maiti 50, alieleza kwamba kuta za mishipa zilikuwa na mafuta kama ya Wamarekani wazee, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana, na akadhani sababu ni kutembea. Kila kambi ilichukua nusu iliyoipendeza.

Mlo, sera na malisho

Mwaka 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi la vinavyosababisha saratani, na mwaka 2019 tume ya EAT-Lancet ilipendekeza wastani wa gramu 14 za nyama nyekundu kwa siku. Tume hiyo yenyewe ilikiri kwamba zipo jamii zinazotegemea mifugo. Tahadhari hiyo hupotea kwa urahisi pindi mapendekezo yanapogeuzwa mabango ya kliniki, na mshauri wa sera anayenukuu gramu 14 Kajiado au Karamoja anapaswa kwanza kuuliza ni gramu ngapi zinaliwa sasa, na nani ndani ya nyumba anazila.

Swali la Orr na Gilks limebaki wazi Ngorongoro. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya eneo la hifadhi. Mwaka 1992, baada ya mifugo kupungua kwa idadi ya watu na njaa kuingia, marufuku ililegezwa, kisha ikarejeshwa. Kwa hiyo familia ya Kimaasai isiyo na ng'ombe wa kutosha kuishi kwa maziwa, wala ruhusa ya kupanda mahindi, huuza mbuzi na kununua unga sokoni. Dodoso la lishe likifika kwenye boma hilo litaandika kuwa mlo mkuu ni ugali. Safu ya kuandika kwamba shamba lilikatazwa haimo kwenye fomu.