Bakuli la Kioo Lisilo na Alama

Somo la leo ni la historia, lakini halianzi na mfalme wala vita. Linaanza na bakuli. Redio haina macho, kwa hiyo itawabidi mlione kwa fikira. Ni bakuli kubwa la kioo kizito. Ukingo wake umepinduliwa kwa nje, na limesimama juu ya shina fupi lenye kitako cha pembe nne. Ubavu wote umechongwa nakshi za vipembe vidogo vidogo vinavyometameta karibu na taa. Ukiligeuza ili utafute jina la kiwanda, huoni hata herufi moja.

Mabakuli ya namna hii hupatikana katika nyumba za Ireland na Uingereza, watu wakiyarithi kwa bibi na babu zao. Mara nyingi mwenye nalo husema, "Hili ni la Waterford." Waterford ni mji wa bandari kusini-mashariki mwa Ireland, na jina lake huongeza bei mnadani. Hapo ndipo penye shida. Mnunuzi akilipa fedha nyingi kwa ajili ya jina, na jina lenyewe ni la kubuni, ameibiwa. Tena mrithi asiyejua alicho nacho aweza kuliuza kwa bei ya sahani bakuli lenye umri wa miaka 200. Basi tutajuaje?

Jambo la kwanza ni kulipapasa. Kioo kilichochongwa kwa mkono kina kingo kali. Ukipitisha kidole juu ya nakshi wasikia makali. Lakini katika miaka ya 1820 Wamarekani walivumbua njia ya kukandamiza kioo cha moto ndani ya kalibu kwa mashine, na nakshi ikatoka mara moja bila mchongaji. Nakshi ya kalibu huwa butu, na mara nyingi mna mstari mwembamba pale vipande vya kalibu vilipokutana. Bakuli lenye mstari huo ubavuni, kutoka ukingoni mpaka kwenye shina, halikuchongwa na mtu.

Mchongaji wa zamani alifanya kazi ngumu. Kwanza alilishika bakuli juu ya gurudumu la chuma lililokuwa likidondokewa mchanga na maji, likala kioo. Kisha akalipeleka kwenye gurudumu la jiwe ili kulainisha, na mwisho kwenye gurudumu la mbao lenye unga laini ili ling'ae. Ukitazama ndani ya mifereji kwa kioo cha kukuzia, mara nyingi utaona mistari myembamba iliyoachwa na gurudumu hilo la mwisho. Viwanda vya baadaye viling'arisha kwa kuchovya chombo katika asidi, na asidi haiachi mistari. Hizo ndizo nyayo za fundi, na mimi naziamini kuliko maneno ya wauzaji.

Jambo la pili ni uzito. Katika miaka ya 1670, George Ravenscroft wa London alifanikiwa kutengeneza kioo kilichotiwa risasi iliyochomwa ikawa unga. Kioo hicho kilikuwa kizito, laini kuchongeka, na chenye kung'aa sana. Ukikigonga kwa kucha hulia kama kengele. Hata neno letu bilauri limetokana na neno la Kiarabu la kioo cheupe cha namna hiyo hiyo ya kung'aa. (Kwa kuwa kina risasi, msilaze humo maji ya ndimu wala kinywaji kingine kichachu.)

Kupima kama kioo kina risasi hakuhitaji chuo kikuu. Linganisheni mabakuli mawili. La kwanza, likitundikwa kwenye mizani, lina uzito wa gramu 1,500. Likizamishwa lote majini huku likining'inia kwenye mizani ile ile, lina gramu 1,000. Limepungua gramu 500. Gawanyeni 1,500 kwa 500, jibu ni 3. Hicho ni kioo chenye risasi nyingi. La pili lina gramu 1,500 nje na 900 majini. Tofauti ni 600, na jibu ni 2.5. Hicho ni kioo cha kawaida cha mchanga, magadi na chokaa, kama cha chupa.

Lakini risasi haisemi umri, maana kioo cha risasi kiliendelea kutengenezwa hata katika karne ya 20. Kwa umri inatupasa tuje kwenye ushuru.

Mwaka 1745 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kutoza ushuru wa kioo, na ushuru huo ulihesabiwa kwa uzito. Fikirini matokeo yake. Kadiri mwenye kiwanda alivyotumia kioo kizito, ndivyo alivyolipa zaidi. Vyombo vikawa vyembamba, na chombo chembamba hakichongeki sana, kwa sababu gurudumu litakitoboa. Ireland haikutozwa ushuru huo, lakini ilifungwa kwa njia nyingine: ilikatazwa kupeleka kioo chake nchi za nje. Mwaka 1777 ushuru wa Uingereza uliongezwa maradufu. Mwaka 1780, baada ya Waairishi kudai kwa nguvu haki ya biashara, marufuku yao iliondolewa. Mara moja mafundi na matajiri wa Kiingereza wakavuka bahari kwenda mahali ambapo kioo kinene hakikulipiwa ushuru.

Mwaka 1783 George na William Penrose, wafanyabiashara wa jamaa moja, walifungua kiwanda chao Waterford. Fundi wao mkuu, John Hill, alitoka Stourbridge huko Uingereza pamoja na mafundi wenzake. Hakukaa sana. Mwaka 1786 aliondoka, naye akamwachia karani mmoja, Jonathan Gatchell, siri za kuchanganya kioo. Karani yule akapanda mpaka akawa mwenye kiwanda. Viwanda vingine vilikuwako Cork, Dublin na Belfast. Mwaka 1825 ushuru ukaletwa Ireland pia, biashara ikadhoofika, na kiwanda cha Waterford kikafungwa mwaka 1851, ingawa ushuru wenyewe ulikuwa umeondolewa mwaka 1845.

Sasa rudini kwenye bakuli letu. Kitako chake cha pembe nne kina mbavu kwa chini, kama kifaa cha kukamulia ndimu. Kitako peke yake kilikandamizwa kwa mkono ndani ya kalibu, na mtindo huo ulikuwa wa miaka ya 1785 hadi 1810 hivi. Ukingo uliopinduliwa nao ni wa siku zile zile, tena unahitaji kioo kingi. Michongo ya miaka ya 1780 na 1790 kwa kawaida ilikuwa ya juu juu. Baada ya 1800 ikaingia ndani zaidi. Kufika miaka ya 1830 watu walipenda mifereji mipana iliyosimama wima. Tazameni pia mikwaruzo ya chini ya kitako. Bakuli lililosukumwa mezani miaka mingi lina mikwaruzo inayokwenda huku na huku bila mpango. Mwenye kughushi husugua kwa msasa, na mikwaruzo yake huelekea upande mmoja.

Kwa dalili hizo twaweza kusema bila woga: bakuli hili ni la kati ya miaka ya 1790 na 1810. Nani alilitengeneza? Hapo sauti yetu yapaswa kushuka. Viwanda kadhaa vya Ireland vilitia majina yao chini ya vyombo vilivyopulizwa ndani ya kalibu, hasa chupa za kumiminia mvinyo mezani. "Penrose Waterford" ni mojawapo ya majina hayo. Mabakuli makubwa ya kuchongwa kwa kawaida hayakutiwa jina. Mafundi walihamahama pamoja na mitindo yao, na wengi walikuwa Waingereza waliofanya kazi ile ile waliyojifunza kwao. Hata Uingereza penyewe, tajiri aliyekuwa tayari kulipa ushuru aliweza kupata bakuli zito.

Wauzaji walibuni njia ya mkato. Walisema kioo cha Waterford hujulikana kwa rangi yake ya buluu kidogo. M. S. Dudley Westropp wa Jumba la Makumbusho la Taifa huko Dublin alivitazama vyombo vyenye alama za kweli na kumbukumbu za viwanda, na katika kitabu chake cha mwaka 1920 alionyesha kwamba rangi hiyo si ushahidi. Vyombo vya hakika vya Waterford alivyoviona vilikuwa vyeupe. Hata hivyo hadithi ya buluu haikufa. Naona watu hupenda dalili inayoonekana kwa mbali.

Na ukikuta neno "Waterford" limeandikwa kwa asidi, kwa herufi ndogo chini ya kitako, usidhani umempata Penrose. Hiyo ni alama ya kampuni mpya iliyoanzishwa mjini humo mwaka 1947 kwa msaada wa mafundi kutoka Chekoslovakia, karibu miaka 100 baada ya tanuri za zamani kuzimwa.

Basi kwenye kadi ya mnada tutaandika hivi: "Bakuli la kioo cha risasi, lililochongwa kwa mkono, la Ireland au Uingereza, mwaka 1800 hivi." Jina la mtengenezaji tutaliacha wazi.

Kazi ya nyumbani. Bakuli lina gramu 1,860 nje ya maji na gramu 1,240 majini. Je, kioo chake kina risasi? Na je, jibu hilo latosha kuliita la Waterford? Andikeni sababu zenu kwa sentensi tatu, kisha mwalimu azisome darasani.