Kutafuta wanyama wa kale kwa simu: kanzidata za visukuku vya mamalia na namna ya kuzisoma

Zamani, mtu aliyetaka kujua ni wanyama gani waliishi Laetoli au kisiwa cha Rusinga mamilioni ya miaka iliyopita ilimbidi aende makumbusho au maktaba ya chuo kikuu. Leo sehemu kubwa ya taarifa hizo iko mtandaoni bila malipo, na mwenye simu janja anaweza kuzifungua akiwa kijijini kwake. Makala haya yanaeleza taarifa hizo zimepangwaje, zinatafutwaje, na ni mambo gani yanayoweza kumpotosha msomaji.

Kanzidata ya visukuku ni nini?

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ardhini. Kinaweza kuwa mfupa uliogeuka jiwe, jino, au unyayo uliobaki kwenye majivu ya volkano. Mamalia ni wanyama wanaonyonyesha watoto wao: binadamu, ng'ombe, tembo, popo na panya wote wamo.

Kanzidata ni kama daftari kubwa lililopigwa mistari, ila liko kwenye kompyuta na linaweza kupekuliwa kwa sekunde chache. Kila rekodi hueleza jambo moja: mnyama fulani alipatikana mahali fulani, katika tabaka la udongo au mwamba la umri fulani, na mtaalamu fulani ameandika hivyo katika chapisho fulani. Mifupa yenyewe haimo humo. Iko kwenye makumbusho, kwa mfano Nairobi na Dar es Salaam.

Kanzidata mbili zinatumika sana. Ya kwanza inaitwa NOW. Inaratibiwa kutoka Helsinki, Finland, na inahusu mamalia wa nchi kavu walioishi katika kipindi cha takriban miaka milioni 66 iliyopita, yaani tangu dainosaria wakubwa walipotoweka. Ya pili ni Paleobiology Database, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Hiyo ni pana zaidi, kwa kuwa ina mimea, samaki, konokono na dainosaria pia, na ina ramani ya dunia unayoweza kuipekua kwa kidole. Zote mbili hujazwa na wanasayansi wa nchi mbalimbali, lakini kusoma ni ruhusa kwa kila mtu.

Njia tatu za kutafuta

*Kwa jina la mnyama.* Kurasa zimeandikwa kwa Kiingereza, na majina ya wanyama ni ya kisayansi, yenye asili ya Kilatini. Ukiandika "tembo" hutapata kitu. Inafaa kuyajua majina ya makundi makubwa:

- Mammalia: mamalia wote
- Bovidae: jamii ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na swala
- Equidae: jamii ya punda, farasi na punda milia
- Suidae: nguruwe na ngiri
- Elephantidae: jamii ya tembo
- Giraffidae: jamii ya twiga
- Hominidae: binadamu na jamaa zake wa karibu, pamoja na sokwe na gorila

Herufi moja ikikosewa utafutaji unaweza kushindwa, kwa hiyo nakili jina kama lilivyo.

*Kwa mahali.* Unaweza kuchagua nchi, kisha eneo. Tumia tahajia iliyozoeleka kwenye vitabu vya sayansi. Kwa mfano, Wamaasai huita bonde lile maarufu Oldupai, kutokana na mkonge pori unaoota pale, lakini kwenye kanzidata limeandikwa Olduvai. Usishangae ukikuta Olduvai ina rekodi nyingi badala ya moja. Bonde lile lina matabaka kadhaa. La chini kabisa lina umri wa karibu miaka milioni 2 na yaliyo juu yake ni ya baadaye, hivyo kila tabaka huwekewa orodha yake ya wanyama.

*Kwa umri.* Hapa utakutana na herufi Ma, maana yake ni miaka milioni iliyopita. Mara nyingi zipo namba mbili, umri wa juu na umri wa chini. Ukiona 3.8 na 3.6, maana yake mnyama huyo aliishi wakati fulani ndani ya kipindi hicho. Haina maana kwamba aliishi kipindi chote. Kadiri namba hizo zinavyokaribiana ndivyo umri unavyojulikana vizuri. Afrika Mashariki ina bahati katika jambo hili, kwa sababu majivu ya volkano zetu za kale yanaweza kupimwa maabara na kutoa umri wa tabaka.

Kuperuzi bila kutafuta kitu maalumu

Si lazima uwe na jina kichwani. Katika ramani ya Paleobiology Database, kila alama inawakilisha mahali palipopatikana visukuku. Ivute ramani mpaka kaskazini mwa Tanzania, gusa alama iliyo karibu na Laetoli, na usome orodha. Miongoni mwa wanyama wa pale wamo tembo, vifaru, twiga, dikidiki, na farasi wenye vidole vitatu ambao hawapo tena duniani.

Kisha chukua jina moja na ulifuate. Deinotherium, kwa mfano, alikuwa ndugu wa mbali wa tembo, mwenye pembe zilizotoka kwenye taya la chini na kupinda kuelekea ardhini. Alipatikana Olduvai, lakini Deinotherium wa aina nyingine alipatikana Eppelsheim, Ujerumani. Rekodi mbili zinatosha kukuonyesha kuwa jamii moja ya wanyama ilienea katika mabara mawili. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kanzidata: inaweka pamoja mambo yaliyotawanyika katika maelfu ya machapisho.

Meno yanasema nini kuhusu mvua

NOW ina safu zinazoeleza mwili wa mnyama, zikiwemo za aina ya chakula na urefu wa meno ya nyuma. Mfugaji ataelewa haraka kwa nini jambo hili lina maana, maana yeye hufungua mdomo wa ng'ombe na kukadiria umri wake kwa kutazama meno. Majani ya nyasi ni magumu na hubeba vumbi na mchanga, kwa hiyo husaga meno taratibu. Wanyama wanaokula nyasi katika nchi kavu huwa na meno marefu yanayodumu; wanaokula majani laini ya miti msituni huwa na meno mafupi.

Basi ukikuta mahali ambapo wanyama wengi walikuwa na meno marefu, unaweza kukisia kuwa palikuwa pakavu. Mwaka 2002 Mikael Fortelius wa Helsinki na wenzake walitumia kumbukumbu za aina hii kuonyesha jinsi hali ya ukame na unyevu ilivyobadilika Ulaya na Asia katika kipindi cha miaka milioni 20. Hawakuwa na kipimo cha mvua cha wakati huo, lakini walikuwa na meno.

Mambo manne ya kuangalia kabla ya kuamini

*Vifupisho.* Jina likifuatiwa na sp., jenasi imejulikana lakini spishi haijajulikana. Ukiona cf., kisukuku kinafanana na spishi iliyotajwa ila mtaalamu hakuwa na uhakika. Neno indet. lina maana kwamba mfupa haukutosha kumtambua mnyama zaidi ya hapo.

*Majina hubadilika.* Fuvu alilolipata Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959 liliitwa Zinjanthropus boisei. Leo wataalamu wengi huliita Paranthropus boisei. Vivyo hivyo, nyani wa kale wa Rusinga waliojulikana miaka mingi kwa jina la Proconsul walipewa jina la Ekembo mwaka 2015, neno lililotoka katika lugha ya Kisuba. Ukisoma kitabu cha zamani kisha usilione jina mtandaoni, jaribu jina jipya.

*Alama ya ramani si shimo lenyewe.* Baadhi ya vipimo vya mahali vimekadiriwa, hasa vya utafiti wa miaka ya zamani. Alama iliyo juu ya shamba lako si ushahidi kwamba mifupa iko shambani.

*Pengo si ushahidi.* Mahali pasipo na alama huenda hapajawahi kuchunguzwa, au kilichopatikana bado hakijaandikwa. Mfano mzuri ni Simbakubwa kutokaafrika, mla nyama mkubwa kuliko simba yeyote wa leo. Mabaki yake yalifukuliwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya 1978 na 1981, yakawekwa kwenye droo ya makumbusho Nairobi. Watafiti waliyapa jina mwaka 2019. Kwa muda wa karibu miaka 40 mnyama huyo hakuwa na jina ambalo mtu angeweza kulitafuta. Na ingawa jina lake ni la Kiswahili, hakuwa simba. Alikuwa wa kundi jingine kabisa ambalo limekwisha kutoweka.

Ukiona mfupa wa jiwe kwenye korongo

Rekodi zote hizi zinategemea jambo moja dogo: mahali mfupa ulipolala. Mwaka 1935 mtaalamu aitwaye von Koenigswald aliona jino kubwa ajabu katika duka la dawa za asili huko Hong Kong, ambako visukuku viliuzwa kama mifupa ya majoka. Lilikuwa jino la Gigantopithecus, nyani mkubwa kuliko wote wanaojulikana. Lakini hakuna aliyeweza kusema jino lile lilitoka pango gani wala tabaka gani, kwa hiyo umri wake haukujulikana. Ilibidi kungoja hadi mabaki mengine yalipofukuliwa kusini mwa China.

Mvua ikichimbua korongo na ukaona mfupa mzito kama jiwe, usiuchimbe na usiubebe. Piga picha, weka kalamu au kiatu kando yake ili ukubwa uonekane, andika jina la mahali, halafu toa taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa ili zifike kwa wahusika. Tanzania ni Idara ya Mambo ya Kale. Kenya ni Makumbusho ya Taifa. Visukuku vinalindwa na sheria: Tanzania ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na Kenya ipo sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Kuviuza au kuvitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa.

Wengi wa waliojaza kumbukumbu hizi kwa macho yao hawakuanza na shahada. Kamoya Kimeu wa Kenya alianza kama kibarua wa kuchimba, akawa mmoja wa watafutaji wa visukuku mashuhuri kuliko wote duniani. Ukiandika Kamoyapithecus kwenye kanzidata, utakuwa unatafuta nyani wa kale aliyepewa jina kwa heshima yake.

Kuhusu simu na bando

Ramani hula bando kuliko majedwali. Ukiwa na MB chache, anza na utafutaji wa jina. Majedwali ni mapana, kwa hiyo lazisha simu upande ili uone safu zote. Walimu wanaweza kufungua orodha ya eneo moja, kuipiga picha ya skrini, na kuitumia darasani bila intaneti.