Kutoka Rejaf hadi Juba: Historia ya Lugha katika Ufundishaji wa Sehemu za Mmea na Kazi Zake kwa Watoto Wadogo

1.0 Utangulizi

Somo la sehemu za mmea ni miongoni mwa masomo ya awali kabisa ya sayansi. Mtoto huoneshwa mzizi, shina, jani, ua, tunda na mbegu, kisha huelezwa kazi ya kila sehemu. Mjini Juba vifaa vya somo hili havikosekani: miembe na miarobaini imejaa mjini, na mtama, muhogo, bamia na karanga ni vyakula vya kila siku. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi thabiti kuhusu lugha ya somo lenyewe. Makala haya yanafuatilia historia ya uamuzi huo na yanadai kwamba Kiswahili, kinachoingia sasa katika elimu ya Sudan Kusini, kitafaa iwapo kitakuja kama mshirika wa lugha za huko na si mrithi wao.

2.0 Lugha za Somo tangu 1928

Mwaka 1928 ulikuwa na mikutano miwili yenye athari kubwa. Mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu cha makoloni ya Afrika Mashariki. Mkutano wa Rejaf, katika kituo kilichopo kando ya Nile kusini ya Juba ya leo, uliteua lugha kadhaa, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kilotuko, Kishiluki na Kizande, ziandikiwe vitabu vya shule za msingi. Mikutano yote miwili ilikubaliana kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya Kiafrika. Ilitofautiana kuhusu idadi ya lugha hizo.

Njia ya Mombasa iliendelezwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Njia ya Rejaf ilikatizwa mara kwa mara. Kiarabu kilianza kuingizwa katika shule za kusini mwishoni mwa miaka ya 1940; shule za misheni zilitaifishwa mwaka 1957, na wamisionari wa kigeni wakafukuzwa mwaka 1964. Baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, kazi ya lugha za kusini ilifufuliwa huko Maridi, lakini vita vya 1983 viliivuruga. Katika maeneo mengi yaliyokuwa mikononi mwa wapiganaji, shule zilitumia vitabu vya Kiingereza kutoka Kenya na Uganda. Hivyo, katika muda wa uhai wa mtu mmoja, jani lile lile la mwembe lilibadilishiwa jina darasani mara tatu.

Katiba ya Mpito ya 2011 inazitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa, na papo hapo inakifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Sheria ya Elimu ya 2012 inatoa nafasi kwa lugha za asili katika madarasa matatu ya mwanzo. Hata hivyo, darasa moja la Juba huweza kuwa na watoto wa jamii nyingi, ambao lugha inayowaunganisha ni Kiarabu cha Juba.

3.0 Jina la Sehemu na Maelezo ya Kazi

Athari ya hali hii huonekana zaidi pale somo linapotoka kwenye majina na kuingia kwenye kazi. Majina sita hukaririka kwa lugha yoyote. Maelezo hayakaririki. Karanga huchimbwa ardhini kama muhogo, lakini si mzizi: ua lake huchanua juu ya ardhi, na baada ya uchavushaji kikonyo chake hurefuka na kuzama udongoni, ambamo tunda hukomaa. Ili mtoto aulize kwa nini muhogo ni mzizi na karanga ni tunda, anahitaji lugha anayoweza kubishana nayo.

Kiswahili nacho kimepitia taabu hiyo. Neno kiazi hujumuisha kiazi kitamu, ambacho ni mzizi, na kiazi mviringo, ambacho ni shina lililovimba. Kitabu huandika shina la mtama, ilhali mkulima husema bua. Tanzania, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi kuanzia 1967, ilipata istilahi kwa njia mbili: kupanua maana ya maneno ya shambani, kama mzizi na shina, na kuunda mapya, kama usanisinuru. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya 1990 ni tunda la kazi hiyo. Lakini mwanafunzi aliyejifunza usanisinuru hulazimika kuanza upya kwa Kiingereza aingiapo sekondari. Istilahi bila mwendelezo wa sera hunyauka.

4.0 Hitimisho

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Kiswahili tayari kina wasemaji huko, wakiwemo waliosoma katika kambi ya Kakuma nchini Kenya. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, Kiswahili kifundishwe kama somo, kisifanywe lugha nyingine ya kuchukua nafasi ya lugha za mwanzo. Pili, majina ya sehemu za mimea na vitenzi vya kazi zake yakusanywe kwa Kibari, Kiarabu cha Juba na lugha nyinginezo, yawekwe sambamba na ya Kiswahili na Kiingereza katika kitabu kimoja cha mwalimu. Tatu, wataalamu wa istilahi wa Kiswahili wapeleke Juba mbinu zao pamoja na makosa yao. Mti hauhamishwi kila msimu ukatarajiwa kuzaa. Mtoto wa Juba amehamishwa vya kutosha.