Nili, Dangirizi na Koti la Kazi

Muhula uliopita mwanafunzi wetu mmoja aliingia darasani amevaa koti la buluu alilolinunua sokoni Owino. Tukauliza kitambaa chake kinaitwaje kwa Kiswahili. Darasa zima likajibu: jinzi. Hakuna aliyelitaja dangirizi, ilhali ni neno la siku nyingi, na asili yake ni Dongri, mtaa wa Mumbai uliojulikana kwa kitambaa kigumu cha pamba. Jinzi nalo chimbuko lake ni Genoa, Italia. Nili, rangi yenyewe, ni neno lililosafiri kutoka Bara Hindi.

Makoti ya namna hiyo siku hizi yanafufuliwa, hasa Kojima, katika mkoa wa Okayama nchini Japani. Mafundi huchunguza koti kuukuu mshono kwa mshono, kisha hufuma kitambaa kwa mitambo ya zamani iendayo polepole. Huigwa hata upungufu: koti la Levi's la wakati wa Vita Kuu ya Pili liliondolewa kifuniko cha mfuko ili kubana matumizi, na nakala zake nazo hazina.

Penye utata ni rangi. Wapo watumiao nili ya Tokushima. Majani yake hukaushwa, humwagiwa maji na kugeuzwageuzwa kwa takriban siku 100 mpaka yavunde kama mboji, halafu huchachushwa katika maji ya majivu. Kitambaa hutoka pipani kikiwa na ukijani, kikapata ubuluu kinapokutana na hewa.

Kazi nzuri, lakini je, hilo ndilo koti la zamani? Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897, na mashamba ya nili ya India yakaporomoka. Koti la kibarua wa Marekani wa miaka ya 1940 lilitiwa rangi ya kiwandani. Anayelitia nili ya majani anashona koti ambalo kibarua yule hakulivaa kamwe, hata likiuzwa kwa jina la asili. Noragi, vazi la kazi la mkulima wa Kijapani, ni habari nyingine: hilo lilitiwa nili ya majani tangu zamani, likashonwa viraka juu ya viraka. Tungekuwa sisi mafundi, tungeanzia hapo. Na kwetu tungeanzia kwenye kaniki, nguo ya buluu nzito waliyoivaa bibi zetu shambani.

Mwanafunzi wetu ameliandika dangirizi daftarini. Wenzake bado wanasema jinzi.