Ulinzi Kamili: Namna raia wa Singapore wanavyoilinda nchi yao ndogo

Kila tarehe 15 Februari, ifikapo saa 12:20 jioni, ving'ora vya tahadhari hulia kote nchini Singapore kwa muda wa dakika moja. Mlio huo hauashirii hatari yoyote iliyopo. Unawakumbusha wananchi siku kama hiyo mwaka 1942, ambapo jeshi la Uingereza lililokuwa na dhamana ya kukilinda kisiwa hicho lilisalimu amri kwa majeshi ya Japani. Leo siku hiyo huadhimishwa kama Siku ya Ulinzi Kamili, jina la mpango unaomtaka kila raia, na si askari peke yake, kuwa na sehemu yake katika usalama wa nchi.

Singapore ina wakazi wapatao milioni 6 katika eneo la takriban kilomita za mraba 735, yaani chini ya nusu ya ukubwa wa kisiwa cha Unguja. Haina mashamba makubwa, haina mito mikubwa, wala haina maeneo ya ndani ambako jeshi au wananchi wanaweza kurudi nyuma endapo vita vitazuka. Kwa nchi ya namna hiyo, mtaa wa makazi na uwanja wa mapambano ni mahali pamoja.

Fundisho la mwaka 1942

Wakati wa uvamizi, askari waliokuwa chini ya Jenerali Arthur Percival walikuwa wengi kuliko wavamizi. Hata hivyo, ndani ya siku saba tangu Wajapani walipovuka mlangobahari kutoka Johor, mji ulikuwa umezingirwa, mabwawa ya maji yalikuwa mikononi mwa adui, na mabomu yalikuwa yamepasua mabomba ya maji. Hofu ya kukosa maji katika mji uliojaa wakimbizi ni miongoni mwa sababu zilizoharakisha kusalimu amri.

Raia waliotaka kupigana hawakukosekana. Kikosi cha wajitoleaji wa Kichina kilichojulikana kama Dalforce kiliundwa Desemba 1941, wiki chache tu kabla ya mapambano. Wengi wao walipata mafunzo ya siku chache na kwenda vitani na bunduki za kuwindia. Nia ilikuwapo, lakini maandalizi yalichelewa. Baada ya mji kuanguka, maelfu ya wanaume wa Kichina waliuawa katika msako wa Wajapani, na wananchi waliishi chini ya utawala huo hadi Septemba 1945.

Kutoka jeshi la kukodi hadi jeshi la raia

Singapore ilipopata uhuru kamili tarehe 9 Agosti 1965, ilikuwa na vikosi viwili tu vya askari wa miguu. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya utumishi wa lazima, na mwaka uliofuata Uingereza ikatangaza kwamba itaondoa majeshi yake kisiwani.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, kijana wa kiume huitwa afikishapo umri wa miaka 18 na kutumikia kwa takriban miaka miwili jeshini, polisi au katika kikosi cha zimamoto na uokoaji. Baada ya hapo huingia katika jeshi la akiba na kuitwa mara kwa mara kwa mazoezi, huku mwajiri wake akiwajibika kumruhusu. Tangu kuanzishwa kwa Kikosi cha Wajitoleaji mwaka 2014, wanawake na wahamiaji wenye ukaazi wa kudumu wamepata pia njia ya kutumikia kwa hiari.

Nguzo sita za mpango

Mwaka 1984 Serikali ilizindua mpango wa Ulinzi Kamili, ikijifunza kutoka Uswisi na Sweden. Ulikuwa na nguzo tano: ulinzi wa kijeshi, wa kiraia, wa kiuchumi, wa kijamii na wa kisaikolojia. Nguzo ya sita, ulinzi wa kidijitali, iliongezwa mwaka 2019.

Katika ulinzi wa kiraia, wananchi hufundishwa huduma ya kwanza, kuzima moto na kutambua milio ya ving'ora. Kupitia programu ya simu iliyozinduliwa mwaka 2015, kikosi cha uokoaji humjulisha mjitoleaji aliye karibu pale mtu anapopatwa na mshtuko wa moyo au moto mdogo unapozuka, ili aanze kusaidia kabla gari la wagonjwa au la zimamoto halijawasili. Nyumba mpya nazo hujengwa zikiwa na chumba chenye kuta nene za zege, ambacho siku za kawaida familia hukitumia kama stoo.

Ulinzi wa kiuchumi unahusu chakula, maji na kazi. Zaidi ya asilimia 90 ya chakula cha nchi huagizwa kutoka nje, hivyo waagizaji wa mchele hulazimika kisheria kuweka akiba. Kwa upande wa maji, mkataba wa mwaka 1962 unaoiruhusu Singapore kuchota maji Johor utafikia ukomo mwaka 2061. Nchi imejenga mitambo ya kusafisha majitaka na kuondoa chumvi katika maji ya bahari, lakini mchango wa kaya ni mkubwa pia: matumizi ya nyumbani kwa mtu mmoja yalishuka kutoka lita 165 kwa siku mwaka 2003 hadi takriban lita 141 mwaka 2019.

Ulinzi wa kijamii una chimbuko katika ghasia za Wachina na Wamalai za mwaka 1964, zilizosababisha vifo vya watu 36. Kila tarehe 21 Julai shule huadhimisha Siku ya Maelewano ya Jamii. Tangu mwaka 1989, makazi ya umma, ambamo wananchi wengi huishi, yamewekewa viwango vya uwiano ili jamii moja isijitenge katika mtaa wake.

Ulinzi wa kidijitali ulipata uzito baada ya udukuzi wa mwaka 2018, ambapo taarifa binafsi za wagonjwa milioni 1.5 ziliibwa. Raia huhimizwa kutunza nywila zao, kuwatambua matapeli wa mtandaoni na kuhakiki habari kabla ya kuisambaza.

Mzigo na mijadala

Mpango huu una gharama zake. Utumishi wa lazima unawahusu wanaume pekee na huchelewesha masomo na ajira zao. Sheria ya mwaka 2019 dhidi ya taarifa za uongo mtandaoni imekosolewa na watetezi wa uhuru wa kujieleza kwa kuwapa mawaziri mamlaka ya kuamuru masahihisho. Serikali hujibu kwamba amri hizo zinaweza kupingwa mahakamani.

Mijadala hiyo inagusa nguzo ya kisaikolojia, yaani imani ya raia kwamba nchi ni yake na inastahili kulindwa. Sheria inaweza kumleta kijana kambini na kumtaka mfanyabiashara aweke akiba ya mchele. Haiwezi kumlazimisha jirani kukimbilia mlango wa mwenzake anayehitaji msaada, wala kumzuia mtu asiichukie jamii nyingine wakati wa taharuki. Hayo hutokana na imani ambayo wananchi wanayo wao kwa wao na kwa viongozi wao.

Ndiyo maana mazoezi hufanyika wakati wa amani. Tangu mwaka 2024, kila Februari shule, ofisi na jumuiya za makazi hushiriki zoezi la kitaifa la kujiandaa kwa dharura kama kukatika kwa umeme. Mwaka 1942 wajitoleaji walijitokeza bila kuwa na muda wa kujifunza. Mpango wa sasa unakusudia kwamba hatari itakapotokea, kila mwananchi awe tayari anajua wajibu wake.